Mtandao Wetu Umefungwa Kabatini

Nina neno la kusema na naomba mnivumilie, kwa maana neno lenyewe linahusu afisi ambazo si zangu na mfuko ambao ni wa mzazi wangu.

Mnaukumbuka usiku ule wa Julai 2025? Sisi wa mabweni tuliokuwa tukirudi kutoka prepu tulimwona mwalimu wetu wa Kilimo amesimama kwenye kibaraza cha afisi ya mhasibu. Mvua inanyesha, kipakatalishi amekikumbatia kifuani mithili ya mtoto mchanga, na uso ameuelekeza dirishani. Wengine wetu tulicheka. Eti mwalimu anachungulia pesa za karo! Kumbe maskini ya Mungu alikuwa anatafuta mawimbi ya waifai. Alama za mradi wa Kilimo za watahiniwa wa Kidato cha Nne zilikuwa zitumwe kwa baraza la mitihani kabla ya saa sita za usiku, na kule majilisi ukurasa ulikuwa unafunguka nusu, kisha unaganda kama uji wa jana. Alimaliza saa tano na dakika arubaini. Watahiniwa 61 walikuwa wamelala fofofo wasijue kwamba jasho lao la muhula mzima shambani lilibakiwa na dakika ishirini tu.

Baada ya kisa hicho ndipo lilipozuka pendekezo ambalo sote tumelisikia. Katika mkutano wa wazazi ilisemwa kuwa mtandao wetu ni wa polepole, kwa hivyo kila mzazi atoe shilingi 500 kwa mwaka ili shule ihame kutoka kasi ya megabiti 20 kwa sekunde hadi megabiti 100. Wazazi walipiga makofi. Mama yangu pia alipiga makofi, nilimwona kwa macho yangu, ingawa najua shilingi 500 kwake ni siku mbili za kuuza sukuma wiki na nyanya, tena siku ambazo soko limechangamka. Sisi ni wanafunzi 412. Hebu zidisha: ni shilingi 206,000 kila mwaka.

Mimi napinga. Sipingi walimu kupata mtandao mzuri, la hasha! Napinga kununua dawa ya kichwa ilhali mgonjwa anaumwa na mguu.

Nilianza kutilia shaka habari hii siku niliyotumwa na mwalimu wa darasa kumpelekea mhasibu stakabadhi. Nilimkuta akitazama video ya mahubiri kwenye tarakilishi yake, picha inateremka vizuri bila kukwamakwama. Dakika hiyo hiyo, majilisi, mwalimu wa Historia alikuwa analalamika kwamba barua pepe moja imekataa kwenda tangu asubuhi. Nikajiuliza: ikiwa mtandao ni mmoja, na mlipaji ni mmoja, mbona kwa huyu ni mto na kwa yule ni tone?

Nilimweleza mwalimu wetu wa Fizikia, naye badala ya kunifukuza akaniambia, "Basi tupime." Mwalimu Mkuu alitupa ruhusa, na Jumamosi moja tukazunguka, yeye na rununu yake yenye programu ya bure ya kupima mawimbi, mimi na daftari na kalamu. (Mjue kwamba simu haikuwa yangu. Mimi sina simu shuleni, na wale walio nazo wanajijua.)

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na huandikwa kwa alama ya kutoa. Kadiri tarakimu inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kutoa 50 ni kuzuri sana, kutoa 67 kunatosha hata kwa mazungumzo ya video, kutoa 80 ni taabu tupu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kila desibeli 3 zinazopotea, nguvu imepungua kwa nusu, na zikipotea 10 imebaki sehemu moja ya kumi.

Sasa sikilizeni. Mezani pa mhasibu tulipata kutoa 41. Mlangoni mwake, 58. Chumba cha majilisi, kwenye meza kubwa ya kati ambako walimu husahihisha, kutoa 84. Maktabani rununu haikuuona mtandao wetu hata kidogo, iliona ule wa duka la M-Pesa lililo ng'ambo ya barabara! Kutoka 41 hadi 84 ni desibeli 43, yaani majilisi nguvu ya mawimbi ilikuwa imepungua takriban mara 20,000. Kisha tukapima kasi. Kando ya kile kifaa tulipata megabiti 19 katika 20 tunazolipia. Majilisi tulipata moja. Tulirudia Jumanne saa nne asubuhi, wakati afisi zote zinafanya kazi, tukapata 17 kwa mhasibu na, kule kwa walimu, haikufika hata hiyo moja.

Kwa hivyo kampuni inatuletea kile tunacholipia. Mtandao unafika shuleni mzima kabisa, halafu unafia humu humu ndani.

Jambo hili linanikera nikikumbuka safari ambayo mtandao wenyewe unasafiri. Mwaka wa 2009 kebo za kwanza za nyuzi za kioo zilitua Mombasa kutoka baharini, mojawapo ikiwa ile ya TEAMS inayotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, takriban kilomita 5,000 chini ya maji. Habari za dunia zinapita kwenye sakafu ya bahari, chini ya matumbo ya papa, zinapanda bara, zinavuka Bonde la Ufa, zinatufikia sisi huku Magharibi. Zikifika shuleni kwetu zinashindwa na mita 38 za mwisho! Wahenga wangesema nini kuhusu ng'ombe aliyeliwa mzima akashinda mkiani?

Na zinashindwa na nini? Twende pole pole. Kile kifaa cha kusambaza mtandao, ruta, kimewekwa sakafuni katika kona ya afisi ya mhasibu, nyuma ya kabati la chuma la kuwekea faili. Aliyekiweka hapo hakuwa na nia mbaya, kebo ya kutoka nje iliingilia hapo na fundi alikuwa na haraka. Lakini chuma na mawimbi ya redio ni paka na panya. Wimbi likigonga bamba la chuma hurudi lilikotoka. Ukiondoka hapo unakutana na kuta tatu za mawe ya kuchonga, halafu dirisha lenye nondo na wavu, halafu meza na watu. Watu pia? Ndiyo, kwa maana mwili wa binadamu una maji mengi na maji hunyonya mawimbi haya. Ndiyo maana mkutano wa walimu ukijaa, hali huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana pia maktaba haipati kitu, kwa sababu kati yake na afisi limesimama lile tangi letu la maji la lita 10,000.

Mwalimu wa Fizikia alinikumbusha na kanuni tunayoisoma darasani: ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inabaki robo, na hapo hujagusa ukuta wowote. Mawimbi ya waifai huja kwa masafa mawili ya kawaida. Yale ya gigahezi 2.4 yana urefu wa takriban sentimita 12, hayana mbio sana ila hupenya kuta kwa kiasi. Yale ya gigahezi 5 ni mafupi kama nusu ya hayo, yana kasi, lakini ukuta wa mawe huyamaliza upesi. Ruta yetu ina yote mawili. Majilisi hufika yale ya kwanza tu, tena yakiwa hoi.

Jumamosi ile ile tulifanya jaribio. Tulikitoa kifaa nyuma ya kabati, tukakiweka juu ya rafu ya mbao, kama mita mbili kutoka sakafuni, kando ya dirisha, antena zake zikiwa wima. Kebo yake ilikuwa na urefu wa kutosha. Hatukutumia hata peni moja. Tulipopima tena majilisi tulipata kutoa 73 badala ya 84, nguvu zaidi ya mara kumi, na kasi ikapanda kutoka megabiti moja hadi 6. Kwa kuinua tu! Jumatatu asubuhi kifaa kilirudishwa sakafuni kwa sababu rafu ilihitajika kwa vitabu vya stakabadhi. Sitasema mengi hapo.

Tukaona na jambo jingine. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yamegawanywa kwa chaneli, na ni tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Maduka yaliyo mbele ya lango, manne kwa hesabu yetu, yote yalikuwa kwenye chaneli ya 6. Sisi je? Ya 6 vile vile. Yaani tunapiga soga chumba kimoja na soko zima. Kubadilisha hadi chaneli ya 11 ni kazi ya dakika tano kwa anayejua nywila ya ruta, na bei yake ni bure.

Huenda mtu akauliza, kwani mtu wa mbali akiwa na mawimbi hafifu mimi niliye karibu ananihusu nini? Anakuhusu sana. Hewa ni moja, na kwenye chaneli moja anazungumza mmoja kwa wakati. Hili lilijulikana tangu 1971, pale Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walipounganisha tarakilishi za visiwani kwa redio katika mtandao ulioitwa ALOHAnet. Wawili wakituma kwa pamoja, ujumbe huharibika na kila mmoja hulazimika kurudia. Waifai ya leo imejifunza kusikiliza kabla ya kusema, lakini foleni iko pale pale. Chukueni mfano wa mfereji wetu wa maji jioni. Mwenye ndoo pana hujaza upesi akaondoka. Mwenye mtungi wa shingo nyembamba hukinga tone kwa tone, na wote nyuma yake wanamsubiri. Kifaa chenye mawimbi hafifu ndicho chenye shingo nyembamba, kwa sababu hulazimika kutuma pole pole ili kieleweke. Walimu kumi wenye mawimbi hafifu majilisi wanamchelewesha hata karani aliye hatua tatu kutoka kwenye ruta. Mkinunua megabiti 100 mfereji utakuwa mpana, lakini shingo za mitungi ni zile zile.

Sasa, shule ilikwisha kujaribu kutibu ugonjwa huu mara moja. Mwaka wa 2024 kilinunuliwa kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachosikia mawimbi na kuyarusha tena. Kilichomekwa wapi? Majilisi, pale pale pasipo na mawimbi! Ni sawa na kumweka mpiga mbiu mahali asipomsikia chifu. Atatangaza nini? Isitoshe, kidude cha aina hiyo husikia na kusema kwa zamu kupitia redio moja, kwa hivyo hata kikipata mawimbi mazuri hupunguza kasi karibu kwa nusu. Leo kiko kwenye droo pamoja na chaki zilizovunjika.

Dawa ninayoipendekeza si ya kisasa wala haina majivuno. Ni waya. Tuvute kebo kutoka kwenye ruta hadi dari ya majilisi, tufunge huko kifaa cha pili cha kurusha mawimbi. Kebo ya shaba ya kawaida hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na njia yetu kupitia kwenye ujia wenye paa haizidi mita 60. Kifaa cha pili kipewe jina lile lile la mtandao na nywila ile ile, ila kiwe kwenye chaneli tofauti, tuseme ya 1, ili visigombane. Walimu walio majilisi watakuwa mita chache kutoka kwenye kifaa bila ukuta wowote kati yao, na hapo hata yale masafa ya gigahezi 5 watayafaidi.

Tulipiga bei katika duka la vifaa mjini. Kebo mita 60 kwa shilingi 50 ni 3,000. Kifaa cha kurusha mawimbi 6,500. Mabomba ya plastiki ya kuipitishia kebo 1,500. Fundi wa siku moja 3,000. Fundi mwenyewe alituonya jambo ambalo sisi wa Magharibi hatuhitaji kuambiwa mara mbili, nalo ni radi. Waya wa shaba unaotoka jengo hadi jengo unaweza kuingiza umeme wa radi ndani ya nyumba, kwa hivyo kila upande unahitaji kikinga radi kilichounganishwa na ardhi, viwili kwa shilingi 2,000. Akasema ikiwa siku moja tutaunganisha na maktaba, huko tutumie uzi wa kioo, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Jumla ya majilisi ni shilingi 16,000. Mara moja tu, si kila mwaka. Ukiigawa kwa wanafunzi 412 haifiki hata shilingi 40 kwa kichwa.

Nimekwisha kusikia pingamizi. Ya kwanza nililetewa na rafiki yangu wa bweni: "We, ukiwaimarishia mawimbi walimu, sisi watatubana na kazi nyingi za kuchapwa." Hiyo nimeiacha kama mzaha, ingawa sina hakika alikuwa anatania.

Ya pili ni nzito kidogo. Baadhi ya walimu wanahofia kwamba mawimbi yakienea, wanafunzi watayaiba. Nasema ukweli hata kama nitachukiwa: yanaibiwa sasa hivi. Nywila yetu iliandikwa ubaoni majilisi mwezi wa Februari na haijabadilishwa, na kuna dirisha la afisi ambalo nyuma yake nyasi hazioti kwa sababu ya kukanyagwa usiku. Ukuta haujawahi kuwa nywila. Mtu hubadilisha nywila kila muhula, hufungua jina la pili la mtandao kwa wageni, na kuzima kifaa cha majilisi saa zisizo za kazi. Yote haya yanafanyika ndani ya ruta yenyewe bila gharama.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Eti walimu wana bando kwenye simu zao, si watumie hizo? Jamani! Karani wetu alinieleza kwamba mwezi ambao ripoti za muhula hutumwa kwa wazazi yeye hununua bando kwa pesa zake karibu kila siku, na hajarudishiwa hata senti. Je, tungemwambia ajinunulie karatasi za kuchapia mitihani? Chombo cha kazi ni cha mwajiri kukitoa. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuja kutufundisha hafai kusimama kwenye mvua akiomba dirisha limpe mawimbi.

Sikatai kwamba siku inaweza kufika ambapo megabiti 20 hazitatutosha. Madarasa yakianza kutumia video zote kwa pamoja, zitakwisha. Lakini siku hiyo tutaijua kwa kupima: tutakuta kando ya ruta penyewe kasi imebanwa, si majilisi tu. Hapo hata mimi nitamwomba Mama atoe hizo 500, na nitambebea nyanya hadi sokoni. Kwa sasa tunamwomba alipie mto mpana zaidi uishie nyuma ya kabati lile lile.

Nimeandika haya nikijua bodi itakutana wiki ya pili ya muhula ujao, na jambo la ada ya mtandao limo kwenye ajenda. Ukurasa wa vipimo vyetu, pamoja na mchoro wa njia ya kebo na bei zote, nimeubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na maktaba. Mwalimu wa Fizikia ametia sahihi. Kama kuna mwalimu au mwanafunzi anayeshuku tarakimu zangu, aje Jumamosi saa tatu tupime pamoja. Ninachoomba kabla ya siku hiyo ni kitu kimoja tu, kwamba vile vitabu vya stakabadhi vitafutiwe mahali pengine, na kifaa kirudi rafuni.